Mathenge haufi kwa kukatwa

Kuna imani ya siku nyingi kwamba mti wa mathenge (Prosopis) ukikatwa, mambo yamekwisha: kata, choma makaa, eneo litarudi kuwa malisho. Si kweli, na imani hii imewagharimu sana wafugaji wa Baringo, Kenya.

Mti huu wenye asili ya Amerika ulipandwa huko mapema miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa na kuleta kuni. Leo umefunika malisho kandokando ya Ziwa Baringo, ukasonga nyasi na migunga. Wananchi walifika hadi mahakamani Nairobi na mbuzi aliyeng'oka meno kwa kula maganda matamu ya mbegu za mti huu.

Inama ukitazame kisiki kilichokatwa juu ya ardhi. Baada ya mvua utakuta machipukizi mengi ya kijani pale palipokuwa na shina moja. Macho ya kuchipua yamo kwenye shingo ya mzizi, chini ya udongo, panga lisikofika. Kwa hiyo panga pekee huzidisha kichaka. Lazima uchimbe, ukate mzizi chini ya macho hayo.

Hata hapo bado kuna mbegu. Mbuzi na ng'ombe humeza maganda, na mbegu nyingi hutoka nzima kwenye kinyesi, tayari kuota. Ndiyo maana napenda zaidi njia ya kuokota maganda na kuyasaga yawe chakula cha mifugo: mbegu iliyosagwa haioti tena. Eneo lililosafishwa lipandwe nyasi za asili mapema, na miche ing'olewe ingali midogo, msimu baada ya msimu.