Kuongeza SSD ya kashe kwenye seva ya nyumbani: dhana potofu na ukweli wake

Wakuu, mtu akishajenga seva yake ya mafaili nyumbani, iwe ni kwa mfumo wa Unraid, TrueNAS au Synology, haupiti muda mikono inaanza kumuwasha anataka aongeze SSD ya kashe, yaani diski ya kasi inayokaa mbele ya haddiski kupokea au kutoa mafaili haraka. Sio vibaya. Tatizo watu wanachomeka kwanza afu ndo wanauliza. Mi naona swali la kuanza nalo ni moja tu: hii diski ikifa usiku huu nimelala, inaondoka na nini? Jibu linategemea mfumo uliofunga na namna ulivyoiweka, na watu wengi wanabeba jibu la mfumo mmoja wanalipeleka kwenye mwingine.

Dhana: ukiweka kashe kila kitu kinakuwa na spidi

Angalia netiweki yako kwanza. Kebo na swichi za gigabiti 1 kwa sekunde mwisho wake kwenye makaratasi ni megabaiti 125 kwa sekunde, kiuhalisia unapata 110 na kitu. Haddiski moja ya kisasa ya mizunguko 7200 ikisoma faili kubwa la mfululizo inaweza kupita 200. Sasa hiyo NVMe (SSD ya kasi zaidi) ya megabaiti 3000 kwa sekunde utaisikia wapi? Muvi itacheza vilevile, na kama unaangalia kwa Wi-Fi ndo kabisa.

SSD inaonekana faida yake pale penye vitu vidogo vingi vinavyosomwa huku na kule, yaani database, kontena za Docker (programu zinazoendeshwa kila moja imefungwa kivyake), mashine pepe, vipicha vya maktaba ya picha, maana haddiski ina kichwa kinachotembea na kila kikihama unasubiri. Unraid nayo ina kesi yake, kuandika kwenye safu (kundi la haddiski) yenye pariti, yaani hesabu ya ziada inayorudisha data diski ikifa, ni polepole kwa sababu lazima isome kwanza data ya zamani na pariti ya zamani, ipige hesabu, ndo iandike upya, kwa hiyo hapo kuandikia SSD kwanza utaona tofauti kweli. Lakini ni kuandika tu. Faili likishahamia kwenye haddiski litasomwa kutoka kwenye haddiski, Unraid haikurudishii muvi unayoipenda kwenye SSD yenyewe tu.

Dhana: si nina pariti, kashe nayo imelindwa

Hapana bana. Pariti ya Unraid inalinda safu ya haddiski, kashe iko nje yake. Faili jipya linakaa kwenye SSD mpaka muva (programu inayohamishia mafaili kwenye haddiski) ipite, na usipobadilisha ratiba inapita saa tisa na dakika 40 usiku. Maana yake picha za harusi ulizokopi asubuhi zinashinda kutwa nzima kwenye SSD moja isiyo na mlinzi, na wewe kadi ya kamera ulishaifuta. Folda ya appdata, inayotunza setingi na data za kontena, ndo mbaya zaidi, ile kwa kawaida inaishi kwenye SSD moja kwa moja wala muva haiigusi, so bila bekapu siku SSD ikifa unaanza kusetapu kontena zote upya.

Dawa ni SSD mbili pacha zinazoandika kitu kilekile. Sasa hapa kuna mtego: kama ile ya kwanza uliiformati kwa XFS (aina ya mpangilio wa mafaili kwenye diski), huwezi kuiongezea pacha, XFS ni ya diski moja. Itabidi uhamishe kila kitu, uformati upya kwa btrfs au ZFS, urudishe. Heri uchague btrfs au ZFS tangu siku ya kwanza hata kama hela ilitosha SSD moja. Na pacha ya gigabaiti 500 na ya terabaiti 1 inakupa 500, sio 750.

Dhana: ikijaa itajipanga yenyewe

Unraid inachagua diski ya kuandikia kabla haijajua faili lina ukubwa gani. SSD imebakiza gigabaiti 20, unatuma faili la 60, inaanza kuandika palepale afu katikati inakwambia nafasi imeisha. Ndo maana kuna ile setingi ya nafasi ya chini kabisa inayotakiwa kubaki wazi, iweke izidi faili lako kubwa kuliko yote. Kingine, muva inaruka mafaili yaliyofunguliwa, kama unataka kuhamisha appdata, zima kwanza Docker. Na ukiwa kwenye teminali usikopi kutoka /mnt/cache kwenda /mnt/user kwenye folda ileile, hizo ni njia mbili za faili hilohilo, unaweza kuliandika juu yake lenyewe ukabaki na faili tupu.

Dhana: kwenye ZFS unaweka SLOG, ndo kashe ya kuandikia

ZFS ndo mfumo wa mafaili wa TrueNAS, na SLOG ni diski yake ya pembeni ya kumbukumbu za maandishi. Ni kama daftari la madeni la mangi, kila kitu kinaandikwa humo lakini linafunguliwa tu siku mkibishana. Data yenyewe inatoka kwenye RAM inaenda kwenye haddiski, SLOG inasomwa pale mashine ilipozimika ghafla. Tena inahusu maandishi yanayosubiri uthibitisho tu, kama database na mara nyingi NFS (njia ya kushea mafaili inayotumika sana na Linux). Unayekopi mafaili kutoka Windows kwa SMB kwa kawaida huigusi kabisa. L2ARC, yaani SSD ya kashe ya kusomea ya ZFS, nayo inasaidia kusoma, lakini inakula RAM kutunza orodha ya vilivyomo, kwa hiyo ongeza RAM kwanza.

Sasa lile swali la kufa usiku. L2ARC ikifa hupotezi kitu. Diski ya special, ile inayobeba taarifa za mafaili, ikifa bila pacha kundi zima la diski limeondoka.

Ila kosa linaloniuma zaidi ni la neno moja. Ulitakiwa uandike `zpool add tank cache` na jina la SSD (tank ni jina la kundi la diski), ukasahau hilo neno cache. Kama kundi lako ni RAIDZ (diski kadhaa zenye pariti), ZFS itagoma, itakwambia ulinzi haulingani, na mtu kwa haraka zake anaweka -f, yaani kulazimisha. Tayari, SSD imekuwa sehemu ya kudumu ya kundi, ikifa inaondoka na vyote, na `zpool remove` itakataa kwa sababu kuna RAIDZ humo ndani. Hapo ni kutoa data zote, kuvunja, kujenga upya. ZFS ikikugomea soma ilichoandika, -f sio ya kujaribia.

Dhana: kashe ni kashe tu, nikitaka naichomoa

Kwenye Synology, kashe ya kusoma tu inakubali SSD moja na ukiipoteza hakuna hasara. Ya kusoma na kuandika inataka mbili kuendelea, kwa sababu kuna data humo ambazo bado hazijafika kwenye haddiski. Ukichomoa kabla hujaiondoa kwenye Storage Manager na kuisubiri imalize kushusha, voliumu inaweza kuanguka.

Dhana: SSD yoyote inafaa

Samsung 870 QVO ya terabaiti 1: gigabaiti 42 za mwanzo zinaenda vizuri, zikijaa inashuka mpaka megabaiti 80 kwa sekunde, yaani haddiski inaikimbia. Na SSD nyingi za kawaida hazina kapasita za kumalizia kuandika umeme ukikatika, kwa hiyo kwetu huku UPS ni ya lazima.

Dhana: NVMe imeua haddiski zangu

Umechomeka, umewasha, haddiski mbili hazionekani. Hazijafa. Mazabodi nyingi tundu la M.2 linagawana njia na baadhi ya matundu ya SATA, ukitumia hili yale yanazimwa. Kitabu cha mazabodi kinaonyesha yapi, hamishia kebo kwenye mengine, na kama yameisha tafuta kadi ya HBA, inayoongeza matundu ya diski.