Kiyoyozi kikubwa zaidi si lazima kipoze vizuri zaidi

Kiyoyozi cha zamani kikifa, wengi huamini kwamba cha kununua badala yake ni kikubwa zaidi: kama kilikuwa cha BTU 9,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza), sasa tuchukue cha 18,000. Ni wazo linaloeleweka, hasa kwa anayelala Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari.

Lakini kiyoyozi hufanya kazi mbili: kupoza hewa na kuikausha. Unyevu hugeuka maji kwenye mabomba baridi ya ndani. Ndiyo yale yanayodondoka kwenye mpira kule nje. Kikiwa kikubwa mno, hasa kisicho cha inveta (yaani kisichoweza kupunguza kasi, ila kuwaka na kuzima tu), chumba hupoa upesi, kompresa, ile mashine ya kusukuma gesi iliyo nje, huzima, na unyevu hubaki. Unajifunika shuka la baridi lenye majimaji. Kwa watu wa Pwani, hiyo ni kero kuliko joto lenyewe.

Mchana wa jua kali, sikiliza kompresa: ikizima kila baada ya dakika chache, huenda ukubwa umezidi. Pima chumba kwa futi kamba. Cha mita 4 kwa 4 chenye dari kwa kawaida hutoshwa na BTU 9,000 hadi 12,000. Bati lisilo na dari, au dirisha linalotazama magharibi, huongeza mzigo wa joto. Mwonyeshe fundi hayo kabla hajataja bei.