Q'eswachaka, daraja la nyasi linalofumwa upya kila Juni

Kazi yangu ni kukagua madaraja. Watu wakisikia nimetembea Peru, huniuliza kwanza kama nilifika Machu Picchu, mji wa kale wa Wainka, watawala wa zamani wa milima ya Andes. Nilifika, na pale panastahili sifa zake zote. Lakini anayeniomba ushauri wa safari ya nchi ya Wainka namwambia: panga tarehe zako kufuata ile wiki ya Juni ambayo watu wa wilaya ya Quehue wanalifuma upya daraja lao.

Daraja hilo ni Q'eswachaka. Kwa Kikechua, lugha ya wenyeji wa huko, q'eswa ni kamba iliyosokotwa, na chaka ni daraja. Liko jimbo la Canas, mkoa wa Cusco, juu ya mto Apurímac, karibu mita 3,700 kutoka usawa wa bahari. Urefu wake unakaribia mita 28, na limefumwa kwa nyasi za milimani. Wainka walikuwa na barabara zao, Qhapaq Ñan, zaidi ya kilomita 30,000 kutoka Kolombia ya leo hadi Chile na Argentina, na makorongo mengi waliyavuka kwa madaraja ya namna hii. Hawakuwa na chuma wala magurudumu. Waliopita ni watu na misafara ya lama, wanyama wa mizigo wa huko, na kwa mzigo huo kamba inatosha.

Inatosha vipi? Unyasi mmoja unaukata kwa vidole viwili. Lakini sokota mafungu mawili ya nyasi, yote kuelekea kulia, kisha yazungushe pamoja kuelekea kushoto: kila fungu likitaka kujifungua linamkaza mwenzake. Kamba ikivutwa, nyasi zinabanana zaidi ndani, kwa hiyo nyasi fupi zinashika kama uzi mmoja mrefu. Kamba hizo nyembamba zinasokotwa nyingi pamoja kuwa nene, na nene tatu zinasukwa kama nywele kuwa kamba kuu, yenye unene wa paja la mtu. Nne hulala chini kuwa njia, mbili hukaa juu kuwa vishikio.

Nilijua hayo darasani, lakini niliyaelewa hasa nilipoketi kilimani karibu na mama mmoja mzee aliyekuwa akisokota. Nyasi zilikuwa zimelowekwa na kupondwa kwa mawe hadi zikalainika. Aliviringisha kati ya viganja, akaongeza nyasi chache kabla fungu halijakonda, akaviringisha tena, bila kutazama mikono yake. Bibi yangu Pemba alifanya hivyo hivyo kwa makumbi: yalifukiwa pwani miezi, yakapigwa, usumba ukasokotwa viganjani. Nilinyoosha mikono, naye akanipa fungu. Kamba yangu ilipovimba mahali pamoja, aliifungua taratibu na kunirudisha mwanzo. Nashukuru hakuiacha ipite, maana palipovimba hapakusokoteka sawasawa, na kamba hukatikia hapo.

Siku ya kwanza ni ya sadaka kwa Pachamama, mama ardhi, na ya kukusanya kamba ambazo kila nyumba imeleta. Jamii nne hushiriki: Huinchiri, Chaupibanda, Choccayhua na Ccollana Quehue. Siku ya pili kamba kuu zinavushwa, za zamani zinakatwa na kuachiwa mto. Hapo wanaume wanavuta kwa saa nyingi, maana kamba mpya hurefuka, na mafundi wanajua kwa jicho mahali pa kuacha. Daraja lina tumbo katikati, na wageni hudhani ni uchakavu. Tumbo hilo ndilo linaloliokoa. Kamba ya kuanikia iliyokazwa sana hukatwa na blanketi moja bichi. Iliyoachiwa nafasi hubeba mablanketi matatu. Ukiongeza tumbo mara mbili, mvutano kwenye ncha unapungua karibu nusu.

Siku ya tatu mafundi, chakaruwak, wanaanza kila mmoja upande wake wa korongo. Wanakaa juu ya kamba tupu, miguu ikining'inia, wakifunga vishikio na njia, hadi wanakutana katikati. Siku ya nne ni ngoma na chakula.

Mwaka 2013 UNESCO iliuorodhesha ujuzi huu katika urithi usioshikika. Mwaka 2020 janga la korona lilizuia kazi, na Machi 2021 daraja likaanguka mtoni. Nyasi haziwezi kusubiri. Jua na mvua huzila. Juni mwaka huo huo jamii zilisokota upya, na daraja likarudi.

Ukienda, kaa kwanza Cusco siku mbili au tatu, maana mji wenyewe uko mita 3,400, juu kuliko Machu Picchu, na kichwa kitauma ukikimbilia mlimani. Tembea pole pole, kunywa chai ya muña, mmea wa milimani wenye harufu kama mnanaa. Kwa gari ni saa tatu au nne hivi kupitia Combapata na maziwa manne. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Kwa mila yao, wanawake hawasogelei daraja wakati linafumwa. Wewe mgeni sikiliza unapoelekezwa usimame. Na chukua blanketi nzito: usiku wa Juni kule maji huganda ndooni.