Je, wajua faili la maandishi matupu linageukaje kuwa bendera kwenye skrini?

Chukua mistari hii minne, iandike kwenye Notepad, isevu kwa jina la bendera.txt:

mstatili kijani 0 0 72 48
pembetatu buluu 0 48 72 48 72 0
mkanda njano 19 0 48 72 0
mkanda nyeusi 13 0 48 72 0

Hiyo ni bendera ya Tanzania, nzima nzima. Ukihesabu herufi zote pamoja na nafasi hazifiki 120, wakati picha hiyohiyo ukiihifadhi pikseli kwa pikseli (vile vidoti vidogo vinavyounda picha), tuseme 720 kwa 480 bila kubanwa, inakula baiti zaidi ya milioni moja, maana kila pikseli inataka baiti tatu, ya nyekundu, ya kijani na ya buluu. Sasa swali aliloniuliza mdogo wangu nikababaika: kompyuta imejuaje kwamba neno "pembetatu" ndo lile umbo la pembe tatu?

Haijui bwana. Haijui kabisa. Anayejua ni wewe uliyeandika programu. Programu inafungua faili, inasoma mstari wa kwanza, inaukata kila penye nafasi, inabaki na vipande: neno la kwanza ni amri, la pili rangi, vinavyobaki ni namba. Afu ndani ya kodi (ya kompyuta, sio ile ya TRA) kuna sehemu inayosema ukikuta "pembetatu" chukua namba sita, zipange mbili mbili upate kona tatu, unganisha, jaza rangi. Ukikuta "mkanda", namba ya kwanza ni unene, nne zinazofuata ni unapoanzia na unapoishia. Basi. Ningetaka ningeandika "sambusa" badala ya pembetatu na bendera ingetoka vilevile, ilimradi faili na programu zimekubaliana. Mimi nilitumia lugha ya programu ya Python na tkinter yake, yaani zana yake ya kuchorea kwenye skrini, ambayo majina ya rangi inayajua kwa Kizungu tu, kwa hiyo ilibidi niweke kamusi ndogo, kijani ni green, nyeusi ni black, na kuendelea.

Mtego wa kwanza uko kwenye namba. Kilichomo kwenye faili sio namba 19, ni herufi 1 ikifuatwa na herufi 9. Nilitaka bendera iwe kubwa mara kumi, nikazidisha kila kitu kwa 10, Python bila hata kulalamika ikanipa 19191919191919191919, yaani imeliandika lile neno mara kumi mfululizo! Unene wa mkanda huo. Mpaka uiambie kwa int() kwamba hiki kipande kigeuze namba ndo inapiga hesabu ya kawaida na kukupa 190. Na ukiacha mstari mtupu mwishoni mwa faili programu inaanguka, inatafuta neno la kwanza na neno hamna, kwa hiyo mistari mitupu iambie iruke.

Mtego wa pili ulinichekesha. Mara ya kwanza niliandika namba kama tulivyofundishwa hesabu za grafu, sifuri iko chini kushoto na unapanda kwenda juu. Nikaendesha programu: buluu iko juu, kijani chini, mkanda unashuka kutoka kushoto juu kwenda kulia chini. Bendera imepinduka! Kumbe kwenye skrini sifuri iko kona ya juu kushoto na y inaongezeka ukishuka. Hiyo imetokana na zile tivi za zamani za chogo, mwale wake ulikuwa unachora kuanzia juu kushoto, mstari mmoja mmoja, mpaka chini, na kompyuta zikarithi mpangilio huo. Dawa ni kuchukua 48 ukatoa y, au uandike faili upya kama nilivyofanya hapo juu.

Mpangilio wa mistari nao usiuchezee. Programu inachora kama fundi rangi, koti la mwisho ndo linaonekana. Ukitanguliza mkanda mweusi halafu wa njano, njano yenye unene 19 inaufunika wote mweusi wa 13, unabaki na bendera ya nchi isiyokuwepo.

Halafu kuna kazi ambayo huioni. Skrini ni vyumba vidogo vya mraba, ndo zile pikseli, haina mstari wa mshazari, kwa hiyo lazima mtu aamue vyumba vipi viwashwe ili jicho lione mstari umenyooka. Mwaka 1962 Jack Bresenham, akiwa IBM, alitunga njia ya kuamua hilo kwa namba nzima tu, kujumlisha na kulinganisha, hamna desimali, na alikuwa anaendesha mashine inayochora kwa kalamu kwenye karatasi, wala sio skrini. Njia yake inafundishwa mpaka leo.

Na usidhani huu ni mchezo wa kujifunzia tu. Picha za SVG, ambazo W3C, shirika linalopanga viwango vya wavuti, waliidhinisha toleo lake la kwanza 2001, ni hivihivi, maandishi ya amri na namba, ndo maana logo ya SVG ukiikuza ukubwa wa ukuta haipati ukungu, namba zinazidishwa tu na inachorwa upya. Kama una moja kwenye kompyuta, usiifungue kwa kubofya mara mbili, ifungue na Notepad. Ikiwa ina duara mara nyingi utaona neno circle na herufi r yenye namba mbele yake. Iongeze hiyo namba, sevu, ifungue tena kwenye brauza uone duara lilivyonenepa.