Kufuli si hati ya uaminifu

Kwenye steshenari za Arusha, vijana wanakojazia maombi ya vyuo na mikopo, utasikia: "Tovuti ina kufuli, weka tu nywila." Wenye steshenari hawana nia mbaya, ndivyo sote tulivyofundishwa kwa miaka mingi.

Kufuli hilo, alama ndogo kando ya anwani ya tovuti, lina maana moja: data kati ya kivinjari chako na seva imesimbwa. Anayenasa mawasiliano kwenye Wi-Fi ya mgahawa ataambulia herufi zilizovurugika. Kivinjari pia hukagua cheti cha kidijitali ili kuhakikisha seva ni ya anwani inayosomeka pale juu. Ya anwani, si ya mtu mwaminifu. Bahasha iliyopigwa lakiri haifunguliwi njiani, lakini anayeipokea anaweza kuwa mwizi. Na tapeli hupata cheti kwa urahisi. Shirika la Let's Encrypt hutoa vyeti bure tangu 2015.

Mwaka 2023 Google iliondoa alama ya kufuli kwenye kivinjari chake, Chrome, kwa sababu watu waliielewa vibaya.

Kwa hiyo soma anwani herufi kwa herufi, hasa mwisho wake kabla ya mkwaju (/) wa kwanza baada ya https://. Mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, kwa mfano, huombwa chini ya heslb.go.tz. Kiungo ulichotumiwa WhatsApp kiache. Andika anwani mwenyewe.