Seli si gunia la vipuri: dhana potofu kuhusu mitandao changamano na kazi ya Réka Albert

Mwaka 2000 jarida la Nature lilichapisha makala ya wanafizikia watatu wa Chuo Kikuu cha Notre Dame, Marekani: Réka Albert, Hawoong Jeong na Albert-László Barabási. Swali lao lingeweza kuulizwa na mtoto: ukiung'oa mtandao nodi (yaani nukta zinazounganishwa, kama kompyuta kwenye intaneti) moja baada ya nyingine, utavunjika lini? Baadaye Albert, mzaliwa wa Romania, alikwenda Pennsylvania State University, na huko kazi yake kubwa ikawa ndani ya seli. Matokeo ya watatu hao yamesimuliwa mara nyingi, na kila msimulizi ametia chumvi yake. Hizi hapa ni dhana tano zinazosikika, na jibu la kila moja.

"Ukizijua jeni zote, umeijua seli."

Binadamu ana jeni 20,000 hivi zinazotengeneza protini. C. elegans, mnyoo wa udongoni mwenye urefu wa milimita moja, anatukaribia sana kwa idadi. Kama kuhesabu kungetosha, tungekuwa ndugu. Fundi akikumwagia vipuri vyote vya bodaboda juu ya turubai, hata asipopoteza nati moja, bado hutafika sokoni. Kinachotakiwa ni kujua nini kinashikana na nini, na kipi kinakiamrisha kipi. Mwanafizikia huweka nukta kwa kila protini na mstari kwa kila mbili zinazoshikana, kisha anauliza maswali yaleyale aliyouliza kuhusu intaneti.

"Bila vipimo kamili vya kila kitu, modeli ni ubashiri tu."

Modeli ni mfano wa seli unaoendeshwa kwenye kompyuta. Dhana hii watu wa maabara huipenda sana, na siwalaumu. Lakini mwaka 2003 Albert na mwanahisabati Hans Othmer walichukua jeni zinazogawa mwili wa kiinitete cha nzi wa matunda, wale wadogo wanaozunguka ndizi mbivu, katika vipande vinavyofuatana. Kila jeni wakaipa hali mbili tu: imewaka au imezima. Hawakuweka kasi wala kiwango cha kemikali yoyote. Mpangilio wa vipande ukatokea kama unavyoonekana kwenye kiinitete chenyewe, kwa sababu ya jinsi jeni zilivyounganishwa.

"Seli inaning'inia kwenye vitovu vichache. Ving'oe, imekwisha."

Hapa pana ukweli nusu, na nusu ndiyo inayopotosha. Kwenye makala ya mwaka 2000, mitandao yenye vitovu, yaani nodi chache zenye viungo (mistari) vingi mno kuliko nyingine, ilistahimili hitilafu za nasibu: ondoa asilimia 5 ya nodi bila kuchagua, na umbali wa wastani kati ya nodi zilizobaki, yaani idadi ya viungo vya kupita kutoka moja hadi nyingine, haubadiliki. Chagua asilimia 5 zenye viungo vingi kuliko zote, na umbali huo unakuwa mara mbili. Ni kama usafiri wa Dar es Salaam: funga kituo kimoja cha uchochoroni na watu watanung'unika kidogo, funga Kariakoo na Ubungo siku moja uone.

Mwaka uliofuata Jeong, Barabási na wenzao waliangalia hamira. Protini zenye viungo vitano au pungufu zilikuwa asilimia 93 hivi, na ni kama asilimia 21 tu kati yake ambazo kuondolewa kwake kuliua seli. Kwa zile chache zenye viungo zaidi ya 15, kiwango cha vifo kilifika asilimia 62. Hiyo 62 hunukuliwa kila mahali. Wachache husema kwamba zaidi ya theluthi moja ya vitovu hivyo viliondolewa na seli ikaendelea kuishi. Kitovu ni dalili ya umuhimu, si hukumu ya kifo. Na anayetaka kuua saratani kwa kupiga vitovu akumbuke kwamba seli zenye afya za jirani nazo zinavitegemea vitovu hivyohivyo.

"Mitandao yote ya asili ina umbo hilo moja: vitovu vichache, na nodi nyingi zenye viungo haba."

Hapana. Mwaka 2019 watafiti Anna Broido na Aaron Clauset walipima mitandao karibu 1,000, na ni asilimia 4 tu iliyoonyesha ushahidi wenye nguvu kabisa wa umbo hilo. Ubishi uliofuata ulikuwa mkali.

"Haya ni mambo ya kompyuta, hayagusi kiumbe hai."

Tazama jani shambani udongo unapokauka. Mmea hutoa asidi ya absisiki, homoni inayoutahadharisha na ukame, na kila kitundu cha jani kinalindwa na seli mbili zenye umbo la figo. Zikipata ujumbe, zinatoa potasiamu nje, maji yanafuata, seli zinalegea na kitundu kinafunga. Mwaka 2006 Song Li, Sarah Assmann na Albert waliunganisha sehemu zaidi ya 40 za mfumo huo, tena kwa kuwaka na kuzima tu, kisha wakazizima moja moja kwenye kompyuta. Nyingi hazikuleta tofauti kubwa. Chache zilidhoofisha kabisa uwezo wa kufunga, mojawapo ikiwa kuzuia pH (kipimo cha uchachu) ya ndani ya seli isipande.

Utabiri huo wakaupeleka kwenye majani halisi. Kuizuia pH walitumia butireti, ya jamii ya asidi inayoipa siagi iliyochacha harufu yake. Majani yakajibu kama kompyuta ilivyosema.