Kesi yako iko kwa hakimu gani? Mambo ya kufuatilia kabla ya siku ya kusikilizwa

Samansi ikifika mkononi, wengi husoma tarehe na jina la aliyefungua kesi, basi. Jina la hakimu aliyepangiwa shauri hawalitafuti mpaka asubuhi ile wanaposimama mbele yake. Wakili mzoefu hafanyi hivyo. Akishapata namba ya kesi, humuuliza karani: "Hii iko kwa nani?" Hatafuti njia ya mkato. Anajua kwamba sheria ni moja lakini kila hakimu ana namna yake ya kuendesha shauri, na namna hiyo inaonekana kwa yeyote anayejua pa kuangalia.

Kwenye kituo chetu cha msaada wa kisheria swali hili huja limepinda kidogo. Mtu anauliza: hakimu huyu ni mwenyeji wa wapi, kabila gani, anasali wapi? Ukiyajua hayo hujaongeza chochote kwenye ushahidi wako. Tena ni maswali hayohayo yanayomneemesha kishoka anayezunguka getini akidai anafahamiana na kila mtu mle ndani. Fuatilia kazi ya hakimu: anaandikaje hukumu zake, anataka nini kwa shahidi, na nini hakivumilii.

Kama shauri lako liko Mahakama Kuu, kazi ni rahisi kuliko unavyofikiri. TanzLII, tovuti ya Mahakama ya Tanzania, inaweka hukumu na maamuzi madogo ya Mahakama ya Rufani na ya Mahakama Kuu, na kuzisoma ni bure. Unaweza kutafuta kwa jina la jaji, kisha ukachuja kwa mwaka. Usijaribu kumaliza zote. Chukua chache zinazofanana na shauri lako: wa mkataba asome za mikataba, wa mirathi za mirathi. Historia ndefu ya mwanzo ipitie haraka, nenda pale jaji anapotaja hoja zinazobishaniwa, halafu tulia kwenye aya anazoeleza kwa nini hakumwamini shahidi fulani au kwa nini alikataa kielelezo fulani.

Tuseme umekuta ameikataa fotokopi ya mkataba kwa sababu nakala halisi haikuletwa wala hakuna aliyeeleza iko wapi. Kwenye hukumu nyingine mkataba umezua mvutano kwa kuwa haukulipiwa ushuru wa stempu. Hapo tayari una kazi ya wiki hii: utafute mkataba halisi, uupeleke TRA ulipiwe, na risiti uitunze. Sheria ya Ushuru wa Stempu inazuia hati isiyolipiwa kupokelewa kama ushahidi, na ingawa mahakama inaweza kukupa nafasi ya kwenda kulipa, kwa nini upoteze siku nzima na nauli ya mashahidi kwa jambo la dakika chache? Vivyo hivyo kwa ujumbe wa WhatsApp. Ukimwona jaji anakazia matakwa ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, andaa mapema kiapo kinachoeleza ujumbe ulitunzwa kwenye simu ipi, nani aliuchapisha, na kwamba haukuguswa.

Lugha inaweza kukukwamisha. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, lakini hukumu nyingi zilizomo kwenye tovuti hiyo, hasa za miaka ya nyuma, ni za Kiingereza. Msaidizi wa kisheria anayetambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 anaweza kukaa nawe akakupitisha aya kwa aya, na huduma yake ni ya bure.

Mahakama za Mwanzo na za Wilaya ni habari nyingine. Huko ndiko wananchi wengi wanakoishia, na hukumu za huko kwa kawaida huzikuti mtandaoni. Zipo njia mbili. Ya kwanza hupitia kwenye rufaa: juu kabisa ya hukumu ya rufaa ya Mahakama Kuu, chini ya majina ya wadaawa, yaani pande mbili za kesi, huandikwa shauri lilitoka mahakama gani, lilikuwa na namba gani, na mara nyingi jina la hakimu aliyeliamua. Ukilitafuta jina hilo utaona Mahakama Kuu ilisema nini juu ya kazi yake. Lakini usikimbilie kuhitimisha. Mashauri yanayokatiwa rufaa ni sehemu tu ya yote anayoyaamua, na hakimu aliyewahi kutenguliwa hukumu si lazima awe hakimu mbaya. Kilicho muhimu ni sababu. Kama hukumu zake zilitenguliwa kwa sababu upande mmoja haukupewa nafasi ya kujibu, basi siku yako ikifika uwe mwepesi wa kusema kwa heshima, "Mheshimiwa, naomba nafasi ya kujibu hilo," na uhakikishe ombi hilo linaingia kwenye kumbukumbu.

Njia ya pili ni kwenda kukaa mahakamani na kutazama, na kwangu mimi hii ndiyo bora. Mahakama zetu ni za wazi. Ukiacha mashauri ya watoto na mengine yanayosikilizwa faraghani, mwananchi yeyote anaruhusiwa kuingia, akakaa benchi la nyuma, akazima simu akasikiliza. Soma kwanza orodha ya mashauri kwenye ubao wa matangazo ili usiende siku ambayo kesi zote zinatajwa tu, maana kwenye kutajwa hutajifunza kitu zaidi ya jinsi hakimu anavyopanga tarehe.

Mama mmoja aliyekuwa anadai kodi ya pango la fremu ya duka tulimshauri hivyo, akaenda. Aliporudi alikuwa ameona mambo ambayo mimi nisingeweza kumfundisha nikiwa ofisini. Hakimu yule alikuwa anaandika maelezo ya mashahidi kwa mkono. Shahidi aliyemwaga maneno mfululizo alikatizwa, "Taratibu, naandika," akaanza upya, akasahau nusu ya aliyokuja kuyasema. Mwingine alikuwa anasema sentensi moja, anatazama kalamu, inaposimama ndipo anaendelea. Yake yaliandikwa yote. Tena, kila shahidi aliyeanza na "niliambiwa" aliulizwa palepale: "Aliyekwambia yuko wapi?" Sasa ushahidi wa mama yule ulikuwa umeegemea sana maneno ya jirani yake aliyemwona mpangaji akihamisha mali usiku. Akaamua kumleta jirani mwenyewe. Kuhusu kalamu, yeye mwenyewe alipopanda kutoa ushahidi alikuwa mtulivu kuliko mawakili wengi vijana ninaowafahamu. Haya si mapambo: mahakama ya rufaa itakayolipitia shauri lako baadaye haitakusikia ukisema, itasoma kilichoandikwa.

Wapo waliokwenda mbali zaidi yetu. Marekani kuna kampuni zinazowauzia mawakili takwimu za majaji: jaji fulani hukubali maombi ya namna gani na kwa kiasi gani. Ufaransa ilikataa mchezo huo. Sheria yake ya tarehe 23 Machi 2019 inakataza kutumia majina ya majaji kupima, kulinganisha au kutabiri mienendo yao ya kazi, na adhabu inaweza kufika kifungo cha miaka 5. Naona Wafaransa walikaza kamba kupita kiasi, ingawa hofu yao naielewa. Asilimia zinaweza kumfanya mtu aache kuandaa ushahidi wake akabaki kubahatisha ni nani atamwangukia.

Mipaka ni myepesi kuijua. Usimpigie hakimu simu, usimtumie ujumbe, usiingie ofisini kwake peke yako kueleza upande wako, na usimtume ndugu wala mchungaji. Ukitaka kumwambia jambo, liseme mahakamani mpinzani wako akiwepo. Mtu akikwambia ana njia ya "kumwona" hakimu, namba ya TAKUKURU ni 113 na haina malipo. Kumbuka pia kwamba mahakimu huhamishwa. Mwingine akikabidhiwa shauri lako katikati, sababu za mabadiliko zinapaswa kuonekana kwenye kumbukumbu, na wewe unaruhusiwa kuziuliza.

Na kama katika kufuatilia umegundua jambo zito? Mahakama ya Rufani ililieleza hili vizuri katika Rufani ya Madai Na. 13 ya mwaka 1999. Mdaawa anaweza kumkataa jaji au hakimu kama kuna ushahidi wa uhasama kati yao, kama ana uhusiano wa karibu na upande wa pili, au kama yeye au mtu wa familia yake ya karibu ana maslahi katika matokeo ya shauri. Hofu nyepesi na za kufikirika hazitoshi. Kwa hiyo kusoma chuo kimoja na wakili wa mpinzani wako, peke yake, si sababu. Kuwa shemeji yake mdaiwa ni sababu. Kukunyima ahirisho mara ya mwisho ulipoomba si uhasama.

Ukiwa na sababu ya kweli, itoe mapema, kabla mashahidi hawajaanza kusikilizwa. Ukingoja mpaka uone upepo umegeuka, utaonekana unatafuta pa kutokea. Eleza mahakamani kwa maneno machache kilichopo na umekijuaje, bila matusi wala tetesi. Hakimu mwenyewe ndiye atakayeamua ajitoe au aendelee. Akikataa, shauri litaendelea, na kwa kawaida huwezi kukata rufaa juu ya uamuzi huo peke yake, kwa sababu haujamaliza shauri. Endelea kutoa ushahidi wako kikamilifu. Hukumu ikitoka na hukuridhika, omba mara moja nakala ya hukumu na ya mwenendo wa shauri, yaani kumbukumbu ya yote yaliyosemwa mahakamani, hakikisha ombi lako la kumtaka ajitoe na sababu alizotoa za kukataa vimo kwenye mwenendo huo, kisha uliweke liwe sababu mojawapo ya rufaa.